Manowari ya Babu

Enzi za uhai wake, mzee huyo wa Vanga alikuwa na hadithi moja aliyoisimulia kila ufikapo mwezi wa Desemba, na hapakuwa na mjukuu aliyeisadiki. Alidai kwamba mwaka 1961, akiwa kuli katika bandari ya Dar es Salaam, aliiona kwa macho yake manowari ya Waingereza ambayo mabaharia wake walisimama gwaride Tanganyika ilipojipatia uhuru. Aliiita "Belifasti". Siku moja, mbele ya wageni, mjukuu mwenye ulimi mwepesi kuliko wenzake alimwuliza kama meli hiyo haikuwa ya ndotoni. Watu wakaangua kicheko. Mzee alinyamaza, wala hakuisimulia tena hadi alipofariki.

Miaka ikapita. Masomo yakamfikisha mjukuu yule London, na asubuhi moja, akipita kando ya mto Thames karibu na Tower Bridge, aliliona jina lenyewe: HMS Belfast. Miguu ikamwia mizito. Akakata tikiti.

Manowari (neno ambalo Kiswahili kililipokea kutoka vinywani mwa mabaharia wa Kiingereza) imekuwa makumbusho mahali hapo tangu mwaka 1971. Ina sitaha tisa. Mgeni hushuka ngazi za chuma zilizosimama karibu wima, hata akafika kwenye boila na mitambo, chini ya usawa wa maji. Jikoni na zahanatini alipita upesi. Masanamu ya mabaharia hayakumvutia. Alikawia penye mizinga. Ile mikuu ni 12, yenye upana wa inchi 6. Tarehe 26 Desemba 1943, meli hii ilishiriki katika kuizamisha manowari ya Kijerumani Scharnhorst, kaskazini mwa Norway. Kati ya Wajerumani 1,968 waliokuwamo, waliookolewa walikuwa 36. Watoto wa shule walipanga foleni wapigwe picha kando ya mzinga, wakicheka. Yeye alijaribu kuwaza maji ya bahari ile usiku wa Desemba, akashindwa.

Jioni aliipekua historia ya meli hiyo, ndipo alipoikuta sentensi aliyokuwa akiitafuta na kuiogopa. Desemba 1961, mabaharia wa Belfast walikuwa gwaride la heshima la Uingereza katika sherehe za uhuru, mjini Dar es Salaam. Aliisoma mara tatu.

Alimpigia simu nyanya yake, akamweleza yote, na kwa sauti ya chini akaomba radhi zilizochelewa. Kikongwe alikaa kimya kitambo.

"Bado ni ya kijivu?" aliuliza hatimaye.

"La, nyanya. Imepakwa mabakamabaka, kama ilivyokuwa wakati wa vita."

Nyanya akacheka. "Basi hata yeye mwenyewe asingeitambua."

Kisha akauliza kama huko London kuna baridi.