Kiringye: Kutu haifichwi na rangi

Kando ya barabara ya taifa namba 5, huko Kiringye, fundi wa rangi hakufungua kopo mara moja. Taksi aliyoletewa ndiyo mali pekee ambayo baba mmoja aliyekimbia vita alitoka nayo nyumbani, na milango yake imeanza kuliwa na kutu chini. Baba alitaka mastike na rangi tu, abiria waone gari linang'aa. Fundi akakataa. Mastike ikipakwa juu ya kutu hunyonya maji, mvua chache tu inavimba na kubanduka. Chuma kisuguliwe kwa msasa mpaka kiwe cheupe, kipakwe rangi ya kuzuia kutu. Palipotoboka pachomelewe bati, maana mastike si bati. Petroli isichanganywe na rangi, hata ikiwa rahisi. Wamekubaliana mlango mmoja kwanza. Mingine inangoja mapato.