Dume au Jike?

Yapo maswali ambayo mtu huyajibu haraka kwa sababu jibu lake alilikuta nyumbani kwa baba yake. Mimi nililikuta hili: mbwa wa kufuga ni dume. Jike ni balaa. Akishakua, madume wa mtaa mzima huja kupiga kambi langoni kwako na kupigana usiku kucha, na baada ya miezi miwili una vitoto saba usivyojua pa kuvipeleka. Baba alisema hivyo, nasi watoto hatukumwuliza zaidi.

Kwa hiyo mwaka 2009, wezi walipotuibia kuku kwa mara ya tatu katika nyumba tuliyojenga pembezoni mwa mji wa Morogoro, nilijua ninachokitaka. Mzee mmoja jirani yetu alikuwa na mbwa aliyezaa. Nilikuta vimebaki vitoto viwili, ndani ya boksi chini ya mwembe. Dume alikuwa mweusi mwenye baka jeupe kifuani, amelala fofofo. Jike alikuwa wa rangi ya kahawia. Aliponiona alijikokota hadi ukingoni mwa boksi, akaanza kuninusa vidole.

"Chukua huyo jike, mwanangu," mzee aliniambia. "Ana akili huyo."

"Hapana, mzee. Jike ataniletea kazi."

Mzee alicheka kidogo. "Kazi ipo tu. Sijui ataifanya nani."

Sikuyatilia maanani maneno yale. Nilimbeba dume, nikamwita Simba kama wafanyavyo watu wengi.

Simba alikua vizuri, akabweka vizuri. Lakini alipokaribia kutimiza mwaka mmoja alianza kutoroka. Nilipoziba ua kwa matete, alichimba chini yake. Nilipomfunga mnyororo, alilia mpaka majirani wakalalamika. Alirudi alfajiri sikio limechanika, akalala mchana kutwa. Usiku wezi waliporudi tena, mlinzi wangu hakuwepo.

Bwana mifugo alipokuja kumchanja dhidi ya kichaa cha mbwa, nilimweleza masikitiko yangu. Akaniambia kwamba jike huingia kwenye joto mara mbili hivi kwa mwaka, wiki mbili au tatu kila mara. Siku nyingine zote ametulia nyumbani. "Lakini dume hana msimu, kaka. Popote alipo jike mwenye joto, harufu ikimfikia tu, atakwenda." Akanishauri tumhasi. Nilikataa kwa ukali hata mwenyewe nikashangaa. Ilikuwa kama vile ametaja jina langu mimi.

Masika ya mwaka 2011, binti yangu wa miaka tisa alirudi kutoka shuleni amelowa, sweta lake amelikunja kifuani. Ndani yake mlikuwa na kitoto cha mbwa. Alikuwa amesikia mlio mtaroni, akafungua kiroba kilichokuwa kimetupwa humo. Vilikuwemo vitoto vinne. Vitatu vilikwisha kufa. Vyote vilikuwa majike.

Kile kilichosalia kilikuwa cheusi, chenye baka jeupe kifuani.

"Baba," aliniuliza, "huyu si mtoto wa Simba?"

Sikuwa na la kumjibu. Kwa miaka miwili nilikuwa nikijisifu kwamba sina shida ya vitoto. Kumbe shida ilikuwepo, ila nilikuwa nimeisukumia kwa mtu mwingine. Jike wa mtu fulani alizaa. Madume wakachukuliwa na watu kama mimi, na majike wakawekwa kwenye kiroba kwa sababu hakuna aliyewataka. Na wale wasiotupwa hukulia mitaani bila chanjo. Mbwa wa namna hiyo ndio wanaoeneza kichaa, ugonjwa ambao dalili zake zikishaonekana kwa mtu, karibu kila mara mwisho wake ni kifo. Mkono uliokitupa kile kiroba siujui. Lakini sikuweza kusema kwamba wangu haukuhusika.

Mke wangu alikitazama kile kitoto, akavuta pumzi, akasema, "Haya, tuone." Basi tukamwita Tuone. Alipofikisha miezi saba tulimwita bwana mifugo, akamfunga kizazi, na Simba naye akahasiwa. Fedha niliyolipa ingenunua mbuzi. Simba hakuacha kutoroka moja kwa moja, ila safari zake zilipungua, na masikio yake yakapona. Tuone aliishi nasi miaka kumi na miwili. Hakuna dume aliyepiga kambi langoni.

Siku hizi watu wakiniuliza wachukue dume au jike, huwaambia kwamba wote wawili hulinda, wote wawili huhitaji chanjo, na wote wawili huzaa, ingawa mmoja huzalia kwa jirani. Huwauliza watafanya nini kuhusu hilo. Wengi hubadili mazungumzo, nami siwalaumu.

Mzee wa chini ya mwembe alikwisha fariki. Tulikutana njiani mara nyingi baada ya siku ile. Nilimwamkia, tukaongea habari za mvua na za mahindi. Sikumwuliza hata mara moja yule jike wa kahawia alikwenda wapi.