Kabuchai: Chagua ufito kwanza, samaki baadaye

Msomaji, shule zinapofungwa wengi wetu tunaoishi jijini huwapakia watoto katika basi na kuelekea mashambani. Tunafika, tunasalimiana na jamaa, tunachinjiwa kuku. Ifikapo siku ya tatu watoto wameanza kunung'unika kwamba hakuna la kufanya. Simu zimeisha chaji, mvua imekata umeme, na babu na nyanya wanashangaa ni wajukuu wa aina gani hawa wasioweza kukaa nje hata saa moja.

Leo ninakuletea dawa ya maradhi hayo. Dawa yenyewe niliipata Kabuchai, katika Kaunti ya Bungoma, nayo ni ufito mmoja wa kuvulia samaki.

Kabuchai ni eneo bunge lililo kaskazini mwa mji wa Bungoma, na soko lake linalojulikana zaidi ni Chwele. Ukitoka Nairobi utapitia Nakuru, Eldoret na Webuye hadi Bungoma, kisha uulize gari la Chwele. Anayetoka Kitale hushika barabara ya Webuye hadi Kamukuywa, akapinda Kimilili na kuendelea hadi Chwele. Njiani utaona mahindi, miwa, kahawa na migomba, na kwa upande wa kaskazini Mlima Elgon umejilaza kama ng'ombe aliyeshiba.

Mlima huo ndio mama wa mito ya huku. Mto Kuywa huteremka kutoka Elgon, ukakata mashamba ya Wabukusu na kujiunga na Mto Nzoia, ambao nao humwaga maji yake katika Ziwa Viktoria. Vijito vidogo visivyo na majina kwenye ramani ni vingi mno.

Mara ya kwanza nilipofika huko na fimbo ya kuvulia, nilijiona fundi. Nilikuwa nimeinunua jijini kwa pesa nyingi. Ilikuwa nyeusi, nene, ngumu, yenye rili ing'aayo, ya kumvuta sangara wa ziwani. Nikaketi ukingoni mwa kijito, nikatupa ndoano, nikangoja. Saa mbili zilipita. Kila nilipoitoa ndoano, chambo kilikuwa kimekwisha kuliwa nami sikuhisi lolote.

Hatua chache kutoka kwangu alikuwapo mvulana wa miaka kumi hivi na ufito wa mwanzi. Alikuwa ameshawatungia samaki saba katika kijiti. Babu yake, mzee mmoja aliyekuwa akichunga ng'ombe hapo karibu, alinitazama kwa huruma.

"Mulembe," alinisalimu. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, hiyo fimbo umekuja nayo kumvua nani?"

Nikamwambia, "Samaki yeyote, mzee."

"Samaki yeyote hayupo," akasema. "Kuna huyu, na kuna yule. Umjue kwanza unayemtaka, ndipo ukate ufito."

Msomaji, maneno hayo ndiyo kiini cha makala haya. Samaki wa vijito na vidimbwi vya Kabuchai ni wadogo, wengi wao hawazidi kiganja cha mkono. Samaki wa namna hiyo hadaki ndoano kwa nguvu, bali huidonoa. Ufito ukiwa mgumu, mdono huo haufiki mkononi mwako. Ukiwa mwembamba na mwepesi nchani, utauhisi kama mtu anayekugusa bega.

Si Kabuchai tu wanakojua hayo. Marekani wako watu wanaojitengenezea fimbo kwa ajili ya samaki wadogo wanaowaita samaki wa kikaango, kwa kuwa mmoja hutosha kuingia mzima katika kikaango. Mtu hununua ufito mtupu, usio na pete wala mpini, siku hizi wa nyuzi za kioo au za kaboni, akaukunja na kuupima kabla hajaufunga chochote. Yeye naye hutafuta yale yale aliyoyatafuta mzee wangu: wepesi, ncha inayohisi, na mgongo unaorudi sawa baada ya kupinda.

Basi utauchaguaje ufito wako?

Anza na mti wenyewe. Watoto wengi hukata tete au bua lililo karibu. Hilo litakufaa asubuhi moja, kisha litakatika. Machipukizi ya lusiola, mti ule wenye maua ya manjano ulio karibu kila boma la Magharibi, hunyooka vizuri na yana nguvu, lakini ni mazito kwa mkono wa mtoto. Mwanzi ndio bora. Una uwazi ndani, kwa hiyo ni mwepesi, na nyuzi zake ndefu huuwezesha kupinda bila kuvunjika.

Hapa pana onyo. Juu ya Mlima Elgon ipo mianzi mingi ya asili, mizuri ya kutamanisha. Usiiguse. Katika miaka ya 1980 serikali ilipiga marufuku ukataji wa mianzi katika misitu ya umma, na hadi leo mtu haingii msituni na panga bila idhini ya Shirika la Misitu nchini (KFS). Mianzi hiyo huzuia udongo na kuhifadhi maji yanayoulisha Kuywa na mito mingine. Mtu akiifyeka ili apate ufito wa kuvulia, kesho hatakuwa na mto wa kuvua. Omba mwanzi katika boma la mtu aliyeupanda. Wenyeji hawanyimi mgeni ufito mmoja.

Ukifika penye kichaka cha mianzi, usikate ule mbichi uliotoka juzi, ambao bado umevikwa maganda yake. Huo ukikauka hunywea na kukunjamana. Usikate pia mzee uliojaa madoa na ukungu, kwani ni mkavu na huvunjika ghafla. Chagua uliofikisha kama miaka mitatu, maganda yamekwisha kuanguka na ngozi imekuwa ngumu. Ugonge kwa kucha: uliokomaa hulia kavu, mchanga hulia kama tikiti.

Ikiwa mianzi ya hapo ni ile minene ya manjano inayopandwa kama pambo, usihangaike na shina lake. Chukua tawi refu la pembeni, au ile sehemu ya juu iliyo nyembamba.

Urefu utategemea mahali. Kwenye kijito chenye vichaka, mita mbili na nusu zatosha, maana ufito mrefu utanasa matawini. Kwenye kidimbwi kilicho wazi, chukua mita tatu au tatu na nusu. Upande wa kushikia uwe mnene kama kidole gumba cha mtu mzima, na ncha iwe nyembamba kama njiti mbili za kiberiti zilizowekwa pamoja. Unene upungue polepole, pasiwe na mahali unapoachia ghafla, kwa kuwa hapo ndipo utakapovunjikia.

Sasa upime. Kwanza ushike kama mvuvi na uutikise. Ncha ikiendelea kucheza muda mrefu kama mkia wa mbwa, ufito ni dhaifu. Ikitulia upesi, ni mzuri. Pili, chukua chupa ya maji ya nusu lita, ijaze nusu tu, uifunge nchani. Hiyo ni robo kilo, uzito wa samaki ambaye utafurahi kumpata. Ufito mzuri utapinda kuanzia ncha hadi karibu na katikati kama upinde, na ukiitoa chupa utarudi kama ulivyokuwa. Ukibaki na kigosho, uache.

Jaribio la tatu ndilo lililonishangaza. Mzee aliiweka ncha ardhini, akaushikilia upande wa juu kwa kiganja, akaubonyeza katikati kidogo na kuuzungusha polepole. Mahali fulani ufito uligeuka wenyewe na kutulia. "Huu ndio mgongo wake na hili ndilo tumbo lake," akasema. Kila ufito una upande unaopenda kupinda, na mshipi hupangwa kuufuata upande huo ili usijipinde mkononi samaki anapovuta. Mafundi wa fimbo za kaboni ng'ambo hulifanya jaribio hilo hilo.

Baada ya hapo kuna kazi ambayo sisi watu wa jiji hatuipendi, nayo ni kungoja. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Kwa ufito mambo ni kinyume: ukiutumia mbichi utapinda na hautanyooka tena. Ufunge kwa upande wa mpini, uuning'inize kivulini au juu ya meko ambapo moshi hupita, na kwenye ncha ufunge jiwe dogo ili ukauke ukiwa umenyooka. Uuache wiki tatu au nne. Moshi huufukuza mdudu anayetoboa mianzi. Wakati mzuri wa kukata ni kiangazi, Desemba na Januari, kabla ya mvua za Machi.

Ukishakauka, upake mafuta. Mshipi usiufunge nchani tu. Uanzie karibu na mpini, uuzungushe hadi nchani na kuufunga tena, ili ncha ikivunjika usimpoteze samaki. Ndoano iwe ndogo, ya namba 10 au 12, na ukumbuke kwamba kadiri namba inavyopanda ndivyo ndoano inavyopungua. Chelezo ni kipande cha ndara iliyokatika. Chambo ni nyungunyungu au tonge la ugali.

Huenda ukaniuliza: je, samaki wenyewe wangalipo? Swali hilo ni zito. Zamani, mvua zilipoanza, samaki aitwaye ningu alipanda kutoka Ziwa Viktoria kupitia Nzoia kwenda kutaga mayai huku juu, na watu waliotega migono walipata kitoweo kwa wingi. Katikati ya karne ya 20 nyavu za nailoni zikaenea na kutegwa kwenye midomo ya mito. Ningu wakanaswa kabla hawajataga, wakapungua mno. Waliopona wamekuta mito yenye matope kutokana na kilimo cha hadi ukingoni.

Lakini si kwamba hakuna tumaini. Mwaka 2009 serikali, chini ya mpango wa kufufua uchumi, ilianza kuchimba vidimbwi 200 katika kila mojawapo ya maeneo bunge 140, kila kidimbwi kikiwa na ukubwa wa mita mraba 300. Vingi vilikauka au kuachwa, ila wako wakulima wa Magharibi walioendelea, na Chwele lipo shamba la samaki la umma linalozalisha vifaranga.

Na hapa ndipo ufito wako unapopata kazi ya maana. Ngege, au tilapia kama tunavyomwita mijini, huzaana haraka. Madume na majike wakikaa pamoja kidimbwini hujaa kupita kiasi, chakula hakitoshi, na wote hudumaa. Mama mmoja mwenye kidimbwi aliniambia, "Walete watoto wavue hao wadogo, mwanangu, wakubwa wapate nafasi." Basi bisha hodi, uombe ruhusa, ulipe kidogo, na watoto wako watakuwa wamemsaidia mkulima. Wakimpata jike mwenye vifaranga mdomoni, wamrudishe majini polepole. Jike wa ngege huatamia mayai na wanawe kinywani.

Kwenye mto wenyewe uwe na adabu. Uliza ofisi ya uvuvi ya kaunti kabla ya kuvua. Mvua zinaponyesha Elgon, Kuywa hufurika hata kama Chwele hakuna tone, kwa hiyo mtoto asiachwe ukingoni peke yake. Na katika mwezi wa Agosti wa mwaka usio witiri, wakati wa tohara ya Wabukusu, mto una shughuli yake alfajiri. Vijana hupakwa matope pale kabla ya kwenda kutahiriwa. Siku hizo acha ndoano nyumbani.

Mimi siku ile sikuvua kitu. Mzee alinikatia mwanzi nyuma ya nyumba yake, akaufunga jiwe, akauning'iniza juu ya meko. "Urudi ukikauka," akaniambia. Niliondoka mikono mitupu, lakini nikiwa na sababu ya kurudi. Niliporudi likizo iliyofuata, na mwanangu nyuma yangu, ufito ulikuwa umekuwa wa rangi ya chai. Mtoto huyo asiyeweza kukaa dakika tano bila simu alikaa ukingoni mwa kidimbwi hadi jua likazama, macho yakiwa kwenye chelezo. Alimpata ngege mmoja wa ukubwa wa kiganja, tukamkaanga mzima.

Nawe msomaji, ukienda mashambani likizo hii, huko Kabuchai au kwingineko kwenye kijito, usihangaike kununua fimbo ya bei. Mtafute mzee wa boma, mwombe akuonyeshe mwanzi uliokomaa, ukate mmoja na kuuning'iniza juu ya meko ya nyanya. Samaki utampata likizo ijayo, na watoto wenyewe ndio watakaokukumbusha kwamba kuna ufito unaowangoja.