Mitungi Miwili Chini ya Mbao



Najua wengi wenu mmeona ile video ya Jumapili iliyopita, ya ushuhuda wangu wa boti. Imefika hadi kwa shangazi zangu kule Molo. Nimesoma "Amina" zenu moja baada ya nyingine, na kila nikisoma moyo unanichoma. Leo sina mahubiri. Nataka kurekebisha ushuhuda ule, kwa sababu kuna jambo niliruka, na nililiruka nikijua.

Nianze na samaki, ili wewe ambaye hujawahi kushika ndoano unielewe.

Ziwa letu la Nakuru ni la magadi. Mimi nikitaka kuvua hushika barabara ya Nairobi kilomita kama 70, napita Mbaruk, Kikopey, Gilgil, hadi Naivasha. Ziwa lile halina mto hata mmoja unaotoka, na bado maji yake si ya chumvi. Sehemu kubwa huingia kwa Mto Malewa kutoka Nyandarua, na mengine hujipenyeza chini ya ardhi na kuondoka kimyakimya. Humo ndimo anamoishi besi. Ni samaki wa kijani chenye weusi, mdomo wake mpana kiasi cha kumeza ngumi ya mtoto. Si mwenyeji. Aliletwa kutoka Marekani mwaka 1929 ili walowezi wapate samaki wa kupigana naye kwa ndoano. Mwaka 1970 wakaletwa kamba wekundu wa maji baridi, nao pia asili yao ni Marekani, na besi akawafanya chakula chake cha kila siku. Mgeni anamla mgeni mwenzake.

Besi hakimbizi chakula ovyo. Hujificha kwenye kivuli, chini ya magugumaji au pembeni mwa mafunjo, na siku hizi kati ya ile migunga iliyokufa ikiwa imesimama majini tangu ziwa lilipopanda na kufunika mashamba na nyumba za watu. Unatupa chambo cha plastiki karibu na shina, unakiacha kizame polepole, unakivuta kidogo, unangoja. Mara mshipi unaondoka wenyewe kwenda upande usioutarajia. Mpendwa, raha yake siwezi kuieleza. Na kuna jambo moja la samaki huyu ambalo nimelihubiri zaidi ya mara moja: dume ndiye anayechimba kiota kwa mkia wake, na jike akishataga na kwenda zake, dume anabaki analinda mayai na vifaranga. Nililitumia siku ya akina baba. Mlinipigia makofi sana siku ile.

Sasa boti. Niliinunua miaka minne iliyopita kwa mzee mmoja aliyekuwa anahama. Ni ya alumini, urefu futi 12, nyepesi, watu wanne wanaibeba. Ilikuwa na viti vitatu vya kukatiza kutoka ubavu hadi ubavu. Mimi nilitaka sakafu tambarare ya juu, ili nisimame mbele na kutupa ndoano bila kujikwaa. Nikampata fundi wa jua kali, tukakata kiti cha mbele na cha katikati, tukaweka plaiwudi, tukaibandika zulia la kijani, tukafunga kiti cha kuzunguka. Ilipendeza. Chini ya vile viti kulikuwa na povu gumu jeupe, kama lile linalozungushiwa televisheni ndani ya kartoni. Lilijaa toroli mbili. Nikasema litupwe.

Kijana wangu alikuwa kidato cha tatu wakati huo. Alisimama pale na toroli akasema, "Baba, hii ndiyo inaifanya boti isizame ikijaa maji. Alumini ni nzito kuliko maji karibu mara tatu. Na hivyo viti ndivyo vinavyoshikilia mbavu zake." Alikuwa sahihi kwa yote mawili. Na kuna la tatu ambalo hakulisema: ukimwinua mtu juu ya sakafu, uzito wote unapanda, na boti inakuwa nyepesi kupinduka.

Mimi nikamjibu mbele ya fundi, "Petro hakuwa na povu." Fundi akacheka. Mimi nikacheka. Kijana akaenda kulitupa lile povu.

Nataka usimame hapo kidogo, kwa sababu mimi nilipita hapo haraka kwa miaka minne. Yule mtoto hakubishana nami tena, si juu ya boti tu. Alipomaliza shule akaanza kuja kanisani kwa kuchelewa, halafu akawa anakaa nyuma, halafu akawa haji. Mama Mchungaji aliniuliza mara nyingi, "Mmeongea?" Nikawa namwambia tunaomba. Ni kweli tulikuwa tunaomba. Hatukuwa tunaongea.

Mwezi uliopita nilimwomba twende wote ziwani. Akakubali, nikashangaa. Tulitoka Lanet saa kumi alfajiri. Kabla hatujaondoka nilimwona anahangaika ndani ya boti na kamba, nikadhani anafunga mizigo. Jaketi za kuokoa maisha zilikuwa mbili. Yeye alivaa yake. Mimi yangu niliikalia, kwa sababu ya joto, na niseme ukweli, kwa sababu nilitaka aone baba yake haogopi maji.

Asubuhi ilikuwa nzuri mno. Tuliongea kuhusu vitu vidogo: bei ya mafuta, mpira, rafiki yake aliyepata kazi kwenye shamba la maua. Tulipata besi wanne, tukawaachilia wawili wadogo. Mtu anayelijua Naivasha atakwambia, ikifika saa saba au saa nane upepo huamka, na ziwa lililokuwa kama sahani linaanza kupiga mawimbi mafupi ya haraka. Wakati huo unapaswa kuwa unarudi. Kijana alisema turudi. Nikasema mara moja tu, ule mti pale.

Na samaki akashika. Mkubwa. Nilikuwa nimesimama mbele, kijana akainuka na wavu wa kumpokelea, wote wawili tukawa upande mmoja. Wimbi likaingia. Si kubwa, maji ya ndoo labda. Lakini maji ndani ya boti hayatulii, yalikimbilia upande ule ule tuliokuwa, betri nayo ikateleza ikafuata, na wimbi la pili likakuta ukingo tayari uko chini. Nilihesabu hadi tatu hivi, nasi tulikuwa ndani ya ziwa.

Naogelea kidogo. Niliibuka nikapiga kelele za jina la Yesu, na hilo nililowaambia Jumapili ni kweli kabisa. Niliwaambia pia kwamba nyuma ya boti, penye injini, ilizama, lakini sehemu ya mbele ilisimama juu ya maji kama imeshikwa na mkono, tukaikumbatia mpaka wavuvi wa nyavu walipotuona na kutuvuta. Niliwaambia, "Chuma kilielea!" Nikawarejesha kwa Elisha na shoka, 2 Wafalme 6. Kanisa likasimama. Kwaya ikaanza kuimba kabla sijamaliza.

Mpendwa, sehemu ya mbele ilielea kwa sababu ya jerikeni mbili za lita 20. Tupu, zimefungwa vifuniko kwa kukazwa na mpira, zimefungwa kwa kamba chini ya ile plaiwudi yangu nzuri. Yeye alizifunga alfajiri ile. Ni jerikeni za jikoni kwetu. Mama Mchungaji alikuwa akizitafuta asubuhi ile. Jaketi langu lilikuwa limeshachukuliwa na mawimbi. Tulipokuwa tunaning'inia pale aliniambia kitu kimoja tu: "Baba, shika hapa, usishike ukingo, itajipindua." Hakuniambia, "Si nilikwambia?"

Niliziona zile jerikeni kwa macho yangu wavuvi walipoigeuza boti. Nilijua. Na Jumapili nikasimama madhabahuni nikazitoa kwenye hadithi, kwa sababu zikibaki, lazima nieleze kwa nini zilihitajika, nikieleza hilo lazima nitaje lile povu, na nikitaja povu lazima nitaje niliyosema mbele ya fundi.

Kijana alikuwa amekuja ibada siku hiyo. Mara ya kwanza tangu mwaka uanze. Nilipofika kwa Elisha nilimwona anainuka na kutoka.

Jioni mezani Mama Mchungaji aliuliza, "Na jerikeni zangu?" Hakuna aliyejibu.

Nimeisoma Matendo 27 wiki hii kuliko nilivyoisoma miaka 20 ya huduma. Kulikuwa na watu 276 kwenye meli ile. Paulo aliwaonya mapema, na yule akida akaona nahodha na mwenye meli ndio wanaojua zaidi. Malaika alikuja kweli, ahadi ilikuja kweli, hakuna aliyepotea. Lakini Luka hakuona haya kuandika kwamba wengine walifika pwani wakiwa juu ya mbao na vipande vya meli. Hakuziondoa mbao ili Mungu aonekane mkubwa. Mimi niliziondoa, wala sikuwa namkuza Mungu; nilikuwa najificha nyuma yake.

Jumatano nilimfuata kijana chumbani kwake. Nilimwomba msamaha kwa ya boti, na ya toroli, na ya Jumapili. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Sikutaka unisifu. Nilitaka tu useme ilivyokuwa." Nikamuuliza kama naweza kuandika haya. Akasema sawa, ila nisiweke picha yake. Kwa hiyo usimtafute kwenye picha, na ukikutana naye msalimie tu kama unavyomsalimia mtu yeyote.

Boti iko uani. Tumeng'oa plaiwudi, na fundi yule yule anarudisha viti. Povu jipya tumelipata mjini, na kijana ndiye anayelikata, mimi namshikia tochi. Jerikeni za Mama zimerudi jikoni.

Jumapili hii, ibada ya kwanza saa mbili, nitayasema haya tena nikiwa nimesimama pale pale niliposimama wiki jana, kwa kipaza sauti kile kile. Na wewe uliyemtumia mtu ile video, tafadhali mtumie na hii.