Kwa Mpwa Wangu: Usiikate Hadithi Kichwa na Mkia

Pangani

Mpwa wangu mpenzi,

Barua yako imenifikia.

Unasema tangu uwasimulie wanafunzi wako wa darasa la tatu kisa cha Samaki Mdogo Mweusi, kuna mzazi amekuja juu. Mwanawe alirudi nyumbani akatangaza mbele ya wageni kwamba yeye harithi duka la baba, atakwenda kuona dunia inaishia wapi. Sasa mzazi anadai unafundisha watoto utovu wa adabu, nawe unaniuliza kama uiache hadithi hiyo. Usiiache, mwanangu. Ila umeniandikia kwamba ulianzia kijitoni, samaki mdogo anapotaka kwenda kuona kijito kinaishia wapi, ukakomea pale anapofika baharini. Hapo ndipo penye tatizo: umewapa watoto kiwiliwili, kichwa na mkia ukavibakiza.

Mwandishi wake, Samad Behrangi, alikuwa mwalimu kama wewe. Alizaliwa Tabriz, Iran, mwaka 1939, akaanza kufundisha vijijini akiwa kijana wa miaka 18. Kitabu kilitoka mwaka 1968 kikiwa na picha za Farshid Mesghali, ambaye mwaka 1974 alipata Tuzo ya Hans Christian Andersen. Behrangi hakuyaona hayo. Mwaka uleule wa 1968 alizama katika mto Aras, akiwa na miaka 29. Zama za Shah, mfalme wa Iran, watu wazima walikisoma kitabu hicho kama maneno ya siasa, na watawala hawakukipenda. Kwa hiyo mzazi aliyekujia juu si wa kwanza kukitilia shaka.

Sasa kichwa cha hadithi. Hadithi inaanza chini kabisa ya bahari, usiku mrefu kuliko wote wa majira ya baridi. Usiku huo Wairani hukusanyika kwa wazee wao, wakala makomamanga na kusikiliza hadithi. Samaki mzee amewakusanya watoto na wajukuu wake 12,000, naye ndiye anayesimulia. Litazame jambo hilo vizuri. Habari za samaki aliyekaidi wazee hazikuletwa na mhuni wa njiani. Zimetoka kinywani mwa bibi, katika usiku wa mila, kwa utaratibu wa mila. Ukiliondoa hilo, mtoto anabaki na ukaidi mtupu. Ukiliacha, anajua kwamba hata swali gumu lina mahali pake mbele ya wakubwa.

Mama wa samaki mdogo naye umpe haki yake. Katika mayai 10,000 aliyotaga, mtoto aliyebaki ni huyo mmoja tu. Anapomwambia mwanawe kwamba kijito hakina mwanzo wala mwisho, kinachosema hapo ni hofu ya mama aliyekwisha kupoteza wengi, na watoto wako waisikie hofu hiyo. Lakini usiwafiche majirani. Walikuwa wamekwisha kumuua konokono mmoja kwa sababu ya maneno yake, na sasa wanamtishia samaki mdogo yaleyale. Darasa la tatu wanaweza kabisa kupambanua: mama anayezuia kwa mapenzi ni mmoja, na kundi linaloua ili lisiulizwe maswali ni jingine. Sisi wakubwa tukiambiwa mila imeguswa, mara nyingi tunayachanganya hayo mawili.

Pale kwa mwari, nenda taratibu. Samaki mdogo amenaswa pamoja na vidagaa katika mfuko wa mdomo wa ndege huyo. Mwari anaahidi kuviachia vikimuua mwenzao, navyo vinakubali. Samaki mdogo anavishauri vijaribu kwanza: atajifanya amekufa, viuone ukweli wa mwari. Mwari anavimeza vidagaa vyote palepale, na samaki mweusi anapasua mfuko kwa jambia alilopewa na mjusi. Waulize watoto nani hapo alikuwa na adabu. Waache wabishane.

Kisha uwape mkia, hata kama unauma. Korongo anammeza samaki mweusi, na tumboni anakikuta kisamaki kingine kinamlilia mama yake. Anakitoa kwanza, yeye anabaki kupambana. Korongo anaanguka majini na kufa, lakini samaki mweusi haonekani tena. Bibi akimaliza, samaki 11,999 wanaaga na kulala, naye bibi analala. Mmoja mwekundu hapati usingizi, anawaza bahari usiku kucha. Hakuna aliyemtuma aondoke, hakuna aliyemkataza. Bibi ameeleza uzuri wa safari na gharama yake, na amewaamini wajukuu wake.

Mzazi yule atakuambia samaki mkunje angali mbichi. Mkubalie, kwa maana bibi yule ndivyo alivyofanya: aliwakunja wangali wabichi, akawafundisha kuwa ujasiri una bei na kwamba anayeondoka huwakumbuka wanyonge. Mtoto aliyefunzwa hivyo anaweza kulikataa duka la baba bila kumdharau baba. Na akilipokea, atalipokea kwa kulichagua.

Basi nenda nyumbani kwa mzazi huyo, usimwite ofisini kwa mwalimu mkuu. Msalimie, mpe pole kwa fedheha ya mbele ya wageni, msikilize mpaka amalize. Kisha mwombe aje darasani siku utakapoisimulia upya, na umwombe awasimulie watoto jinsi alivyolianzisha duka lake. Yawezekana na yeye aliwahi kumkatalia mzee wake jambo. Umsihi aje, mwanangu, na ukifika mwisho wa hadithi usimpunguzie mtoto yeyote hata neno moja.

Wasalaam,
Mjomba wako