Waya Mpya, Santuri za Kale

Mwezi uliopita nilimdanganya mke wangu. Nilimwambia salio la karo bado liko benki, kumbe nilikuwa nimelimwaga Luthuli Avenue kwa kununua waya mmoja tu wa kinanda cha santuri, usiofika hata mita mbili.

Sababu ilikuwa baba. Tangu mama afariki, kila Jumapili mzee hukaa kando ya kinanda chake na kupiga santuri alizozipenda marehemu. Hivi karibuni sauti ilianza kuvuma kama mzinga wa nyuki, na upande wa kushoto ukawa unapotea. "Sasa hata mama yako ananitoka mara ya pili," alisema. Ningefanyaje, msomaji?

Muuza duka aliniapia kwamba nyaya za zamani huchoka, na kwamba za kisasa huitoa sauti ikiwa safi zaidi. Kweli, nilipoufunga ule mpya mvumo ulikoma papo hapo. Nikajiona shujaa.

Aliyenivua ushujaa ni fundi mmoja wa makamo. Aliukagua waya wa kale, akanionyesha plagi zilizoota kutu na wavu wa shaba wa kinga uliokatika pale waya unapopindwa. "Ndugu yangu, shaba haikuzeeka. Kilichooza ni viungo." Umeme utokao kwenye sindano ni mdogo mno, kama milivolti 5 hivi. Kinga ikikatika, waya hudaka mvumo wa stima ya nyumba.

Tofauti za kweli zipo, alisema. Kwa katriji ya sumaku kama ya baba, waya wenye kapasitansi kubwa mno huharibu zile sauti kali za juu. Lakini hilo halifuati umri: Wajapani walitengeneza nyaya za kapasitansi ndogo miaka ya 1970, kwa ajili ya santuri za CD-4 zenye njia nne za sauti.

Akakata palipooza, akatia lehemu na plagi mpya. Malipo hayakufika nauli yangu ya wiki.

Jumapili tulifanya mtihani. Baba aligeukia ukuta, nami nikawa nabadilisha nyaya kimyakimya. Kati ya mara sita alipatia tatu, sawa na kurusha sarafu. Zamu yangu nilipatia mbili, na masikio yangu ni ya kijana!

Duka lilikataa kunirudishia pesa. Baba naye ameshikilia waya wake wa zamani, ati ndio mama aliokuwa akiupangusa vumbi. Ule wa bei umo kabatini chini ya mashati yangu. Shule zinafunguliwa kesho, na mke wangu husoma ukurasa huu akitoka kanisani.