Mseto Mezani: Swali la Asili na Swali la Kuiva

Istilahi ya mseto imezoeleka mno katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, hata aghalabu husahaulika kwamba kabla ya kuingia katika makala za wataalamu ilikuwa chunguni. Katika mapishi ya Waswahili, mseto ni mchele na pojo (choroko kwa wengine, ndengu kwa watu wa bara) vilivyopikwa pamoja mpaka vikashikana. Ni chakula cha kawaida, si cha arusi. Alaye mseto haulizi pojo zilitoka shamba la nani. Huuliza kama zimeiva.

Tofauti ya maswali hayo mawili ilidhihirika jioni moja mtaani Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, walipokutana marafiki watatu waliosoma pamoja chuo kikuu. Mkahawa wenyewe ulikuwa mdogo: meza sita, feni moja, na ubao wa chaki uliotangaza “mapishi mseto”. Palikuwa na tambi za Kitaliani zilizotiwa kaa na tui la nazi, na chapati iliyokunjiwa samaki wa kuchoma, kachumbari na jibini. Palikuwa pia na kuku wa kupaka. Mwenye mkahawa, mama mtu mzima, aliwapokea kwa “Karibuni, wanangu,” ingawa wote watatu walikwisha kuota mvi.

Mmoja wao alikuwa mhakiki, mwalimu wa chuo kikuu. Wa pili alikuwa mshairi, mwalimu wa shule ya sekondari. Wa tatu aliwahi kuwa mhariri wa vitabu, na ndiye aliyewaita. Ilikuwa miaka tisa tangu wakae meza moja. Mshairi alikuwa amechapisha diwani ya mashairi huru. Mhakiki akaandika kwamba tungo zile zilikuwa mchanganyiko usio na asili. Baada ya tahakiki hiyo mchapishaji akaukataa mswada wa pili.

Hukumu hiyo haikuzuka hivi hivi. Tangu Kichomi cha Euphrase Kezilahabi kilipotoka mwaka wa 1974, wanamapokeo walishikilia kwamba bila vina na mizani hapana shairi la Kiswahili, ilhali wanamabadiliko walidai uhuru wa umbo. Pande zote mbili zilizoea kuuliza umbo limetoka wapi. Wa kwanza waliuliza ili walikatae, na wa pili ili walitetee.

Chakula kilipoletwa, mhariri ndiye aliyevunja ukimya. Alieleza jinsi kuku wa kupaka alivyosafiri. Wahindi wa Afrika Mashariki walimfanya chakula chao, na wengi wao walipohamia Uingereza, wakiwemo waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka wa 1972, walikwenda naye. Huko huitwa “kuku paka”, na muhogo ukawa “mogo”. “Yaani Leicester,” alisema mhariri, “kuku na paka huingia chungu kimoja!” Wote wakacheka, na ilikuwa mara ya kwanza jioni ile.

Mhakiki akaichukua mada kama achukuavyo mhadhara. Muhogo na pilipili, alisema, asili yake ni Amerika. Mahindi nayo yalitoka huko huko, ijapokuwa jina lake ladokeza Uhindi. Neno meza ni la Kireno, na mkahawa umetokana na Kiarabu. Alikuwa akifurahia maneno yake, na mkono wake ukirudi sahanini kila mara.

“Daktari,” mshairi akamkatiza kwa upole, “kama ni hivyo, chakula hiki hakina asili. Mbona unakila?”

Mhakiki akanyamaza. Mshairi akaendelea: “Wewe uliniuliza nazi nimeitoa wapi. Hukuniuliza kama wali umeiva.”

Yamkini mtu mwingine angaliomba radhi hapo hapo, na mambo yakaisha kwa adabu bila ya kuisha. Mhakiki aliuliza badala yake kuhusu yale mashairi ya sehemu ya tatu ya diwani.

“Yale hayakuiva,” alijibu mshairi. “Nilijua. Laiti ungaliandika hivyo, ningaliyarudisha jikoni.”

Katika jibu hilo mna funzo kwa taaluma nzima. Mwandishi aambiwaye kwamba kazi yake haina asili hana la kufanya, kwani asili hairekebishiki. Aambiwaye kwamba ubeti fulani haukuiva, kwa kuwa taswira mbili zimewekwa pamoja na hazikupata moto wa kutosha, hupewa kazi. Tahakiki ya namna ya kwanza humfukuza mtu mezani. Ile ya pili yaweza kuwa kali zaidi, lakini humwacha katika kiti chake.

Hata hivyo haifai kudhani kwamba wasifiao uchanganyaji wamesalimika. Kusifu kazi kwa sababu tu imechanganya mapokeo mengi ni kosa lile lile lililogeuzwa. Tambi za kaa zilizoagizwa jioni ile zilithibitisha hayo. Tui lilikuwa limekatika kwa kuchemshwa bila kukorogwa, mafuta yakaelea juu, na tambi zikabaki kavu chini yake. Bara tatu zilikutana katika sahani moja, na hakuna aliyemaliza. Kuku wa kupaka, naye mchanganyiko vile vile, alikwisha. Tui lilikuwa limeingia nyamani, na makaa yakaacha moshi wake bila kuunguza.

Mhariri alisukuma sahani ya kuku katikati ya meza, wakala kwa mkono, kama walivyokula zamani bwenini walipokuwa hawana fedha za sahani tatu. Kabla ya kuondoka, mhakiki aliomba kuusoma mswada uliokataliwa. Hakuahidi kuusifu; alisema atauandikia maoni, shairi kwa shairi. Mshairi hakukubali wala hakukataa. Alimwita mama mwenye mkahawa, akamsifia kuku, kisha akamwambia kwa heshima, mbali na masikio ya wateja wengine, kwamba tui la tambi lilikatika. Mama akashukuru, akarudi jikoni.